Mjadala: Kichwa cha habari kivute wasomaji au kieleze jambo?

MKOMANI:
Kila kunapotokea tukio la usalama upande wa bara wa kaunti ya Lamu, iwe ni kwenye barabara ya Witu au msitu wa Boni, kichwa cha habari huwa "Hofu Lamu" au "Lamu yatikisika", na ni katika aya ya tatu au ya nne ndipo msomaji anapotajiwa mahali penyewe. Mgeni aliye Nairobi hafiki aya hiyo; hupiga simu kwenye nyumba ya wageni hapa kisiwani na kudai arubuni yake. Hata serikali ya Uingereza, ambayo haijulikani kwa kutupendelea, imekuwa ikivitenga visiwa vya Lamu na Manda na sehemu nyingine za kaunti katika ushauri wake kwa wasafiri. Ikiwa afisa wa London anaweza kutofautisha, mhariri wa Nairobi anashindwa na nini? Naomba tujadili: kichwa kinachovuta maelfu na kuwaelekeza pasipo ni kichwa kizuri?

DAWATI LA USIKU:
Ndugu Mkomani, nimewahi kuketi kwenye dawati la uhariri, kwa hiyo nitasema lisilopendeza. Kichwa cha ukurasa wa kwanza hupewa nafasi ya maneno matano au sita, na maneno yetu si mafupi. "Milihoi", mahali palipo kwenye barabara hiyo ya Witu, haimwambii kitu msomaji wa Kakamega, "Lamu" inamwambia. Kwenye simu ni taabu zaidi, maana injini za kutafuta hukikata kichwa kikipita herufi 60 hivi. Isitoshe, watafiti waliochambua vichwa zaidi ya 100,000 vya tovuti ya Upworthy, katika makala iliyochapishwa 2023, walikuta kwamba kila neno hasi likiongezwa kwenye kichwa, kubofywa huongezeka kwa takriban asilimia 2.3, ilhali maneno ya kufurahisha hupunguza. Kwa hiyo "hofu" haikuwekwa pale kwa chuki. Na tuambiane ukweli: nusu ya malalamiko haya hutoka kwa wazee wa barazani, ambao husoma kichwa tu, kisha wakalihukumu gazeti zima kabla kahawa haijapoa.

BABU WA MKUNGUNI:
Mwanangu, ya herufi na asilimia nakuachia wewe. Hilo la barazani nitalijibu. Gazeti hapa likishavuka kutoka Mokowe husomwa kwa sauti, kuanzia kichwa hadi matangazo ya zabuni, na anayeruka aya hurudishwa nyuma mbele ya watu. Tena mjukuu wangu naye ana utafiti wake: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa Ufaransa waliona kwamba asilimia 59 ya viungo vilivyosambazwa Twitter havikufunguliwa hata mara moja. Wasiosoma ndio hao, wala hawaketi barazani kwetu Mkunguni. Mnawaandikia wasiosoma, halafu mnawasuta wanaosoma!

DAWATI LA USIKU:
Shikamoo, mzee. Sikuwakusudia wazee wote.

BI LANGONI:
"Sikuwakusudia wote" ndiyo mtindo wenyewe wa vichwa tunavyolalamikia: kichwa kinawataja wote, kisha aya ya nne inawatoa wachache.

BABU WA MKUNGUNI:
Marahaba, lakini kahawa yangu huinywa ikiwa moto, na kusoma nasoma.

MSOMAJI WA MALINDI:
Tuache kahawa kidogo. Sisi Malindi tuliyaona haya mwaka 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola. Shakahola ni Magarini, mbali na mji, lakini kwa sababu mochari na mahakama zilikuwa Malindi, na waandishi walipiga kambi hapo, jina la mji wetu liliandamana na habari ile kwa miezi. Hakukuwa na haja hata ya kuongeza neno la kutisha. "Miili zaidi yafukuliwa Shakahola" kinatosha, kina ukweli, na hakuna mwenye moyo atakayekipita. Palipo na habari nzito, kichwa hakihitaji pilipili.

MKULIMA WA MPEKETONI:
Nimesoma tangu juu nikingoja mtu atukumbuke sisi wa huku bara. Mnachodai hapa si ukweli wa vichwa. Mnataka aibu ihame. Jina la Lamu likiondolewa, litakaloingia ni Mpeketoni, na letu halijapumzika tangu mashambulizi ya Juni 2014. Ninyi hasara yenu inahesabika kwa vyumba vilivyoghairiwa. Sisi hatuna watalii, kwa hiyo hakuna anayehesabu: dereva wa lori la maembe akisoma kichwa, anaongeza bei ya safari au haji kabisa, na embe halimsubiri mtu.

MKOMANI:
Sikusema hivyo, kaka. Kanuni za maadili zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinataka kichwa kiakisi yaliyoandikwa chini yake. Sijaomba zaidi ya hapo.

MKULIMA WA MPEKETONI:
Kichwa kinachosema "Mpeketoni" kinaakisi vizuri sana. Hapo ndipo penye kidonda changu.

DAWATI LA USIKU:
Basi tuandike hapa hapa badala ya kulaumiana. Chukueni habari ya kubuni: wenye silaha wamesimamisha basi karibu na Milihoi, askari wakafika, hakuna aliyeumia. "Hofu Lamu" ni maneno mawili, hakuna kitenzi, hakuna tukio. "Basi lazuiwa Milihoi, abiria wote salama" kina tukio na kina mahali, ila kimekwisha kutoa jibu, wengi hawatafungua.

BI LANGONI:
Mimi ningefungua, nijue waliokoka vipi. Anayefungua kwa sababu ya "Hofu Lamu" hutoka amekasirika, na kesho harudi. Hesabu yenu ya kubofya inamfuata hadi kesho?

DAWATI LA USIKU:
Hilo dada umenibana. Tulikuwa tukihesabu ya leo tu.

MKULIMA WA MPEKETONI:
Mimi napendekeza msitaje mji wala kijiji. Andikeni barabara: "Basi lazuiwa barabara ya Lamu-Garsen, abiria wote salama." Barabara haina wenyewe.

BABU WA MKUNGUNI:
Na barabara hiyo, mwanangu, umeianzia na jina gani?