Kofia ya mwanga kwa watoto wetu: tuikubali au tuikatae?

MwanaMvita: Assalam aleikum wanabaraza. Watafiti wa Uingereza wameshawapima watoto wachanga wa kijiji cha Keneba, Gambia, kwa kofia yenye vitaa. Mwanga ule usioonekana, jirani na mwekundu, unapenya fuvu na kurudi, na kwa jinsi ulivyopungua wanajua damu yenye oksijeni imekimbilia wapi kwenye ubongo. Hakuna sindano wala ganzi. Mtoto amepakatwa na mamake. Wakija Mombasa, tuwape wetu? Mimi nasema tuwape. Tukikataa, vitabu vitaendelea kuandikwa kwa ubongo wa watoto wa Kizungu peke yake.

LikoniDamu: Mwanga si neno, haraka ndiyo mbaya. Mwakumbuka kile kidude cha kubana kidole wakati wa korona? Mwaka 2020 Marekani walikuta kinawakosea wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko weupe: kinasema oksijeni iko sawa, kumbe imeshuka. Na kofia hiyo ni ukoo mmoja na kidude hicho, vyote vyapima kwa mwanga. Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, yanywa mwanga, na nywele zetu ndio usiseme, itabidi aje msusi kwanza! Lakini nyinyi wa Mji wa Kale mkimwona Mzungu na karatasi mshasaini kabla ya kusoma.

MwanaMvita: Sisi twasaini bila kusoma? Yakhe, marehemu babu yangu alikuwa akisomea barua nusu ya mtaa. Nyinyi mnaopigwa jua foleni ya feri miaka yote bila kusaini hata malalamiko ndio wa kutufundisha?

LikoniDamu: Feri imeingiaje hapa? Umeshindwa hoja sasa waruka maji.

FundiRedio: Jamani, poleni. Mwanga huo hauendi mbali, kwa mtu mzima ni kama sentimita 2 toka ngozi ya kichwa, kwa hiyo unaona gamba la juu la ubongo tu. Cha ndani kabisa bado kazi ya MRI, ile mashine kubwa ya sumaku ya hospitali. Mtoto mchanga fuvu lake jembamba na nywele chache, ndiyo sababu wanawapenda. Wajapani walianza zamani hii.

MzeeWaBaraza: Fundi, hapo umechanganya. Mjapani ni Aoyagi, wa kile cha kidole, miaka ya 1970. Wa ubongo ni Jöbsis, wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, 1977, na alianza na paka.

FundiRedio: Ahsante mzee. Paka basi waje Mji wa Kale, hapo hawakosi.

MwanaMvita: Na wewe fundi umeanza?

SusiKisauni: Aliyemtaja msusi aje hapa. Nimesuka miaka 11, na nywele si kizuizi ukijua kazi. Nikigawa mistari, njia ya katikati iko wazi, ngozi yaonekana. Si waweke vitaa vyao kwenye njia? Shida yenu mwatengeneza kofia kwanza, kichwa baadaye.

FundiRedio: Dada, hilo si mzaha. Wanaopima umeme wa ubongo walishalifikia: Arnelle Etienne, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alibuni vibanio vinavyoshika katikati ya mistari. Kwa mwanga nywele ni tatizo zaidi, maana unywele mmoja mweusi chini ya kitaa tayari umeiba mwanga. Siku hizi ndilo linalowashughulisha watafiti wa mwanga: vitaa vyenye ncha za kupenya nywele, na kuripoti rangi ya ngozi na aina ya nywele badala ya kuwaacha watu nje kimyakimya.

LikoniDamu: Kuwaacha nje ndiyo neno lenyewe! Mtu alitolewa kwenye hesabu kwa sababu ya nywele, halafu matokeo yaitwa "ubongo wa binadamu".

MwanaMvita: Basi si hiyo ndiyo sababu yangu ya kuwapa watoto? Umenijibu mwenyewe.

LikoniDamu: Sikukujibu wewe. Namjibu fundi.

MzeeWaBaraza: Nyinyi wawili mwasema jambo moja, mmoja toka upande huu wa maji, mmoja toka ule.

LikoniDamu: Mzee, kwanza aombe radhi kwa la feri.

MwanaMvita: Aanze yeye na la kusaini.

MamaWatatu: Dada msusi, mtoto wa miaka 4 analia akiguswa kichwa, mistari mwatoza ngapi? Na uko Kisauni upande gani?