Wazazi wanakuja Japani, yakuba (ofisi ya mji) haina rekodi yangu: kazei shomeisho (cheti cha kodi na mapato) baada ya kuhama

Mwalimu wa Kochi:

Wapendwa, habari za huko mliko. Naomba msaada wa aliyepitia haya, nimetoka yakuba sasa hivi na kichwa kinaniuma.

Nimehamia huku milimani Kochi mwezi wa nne, BOE (bodi ya elimu) mpya, mkataba mpya. Kabla ya hapo nilikuwa ALT (mwalimu msaidizi wa lugha) Shimane. Baba na mama wanataka kuja mwezi wa nane shule zikifungwa. Kwa upande wa Dar wako tayari, pasi wanazo na cheti changu cha kuzaliwa cha RITA wanacho. Kilichokwama ni cha kwangu. Shohei riyusho (barua ya mwaliko) nimeandika, taizai yoteihyo (ratiba ya ziara) nimeandika, juminhyo (cheti cha ukaazi) nimechukua. Leo nikaomba kazei shomeisho. Binti wa dirishani akaangalia kompyuta, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita kacho (mkuu wa idara), wote watatu wakaniinamia na kuniambia mfumo hauna rekodi yangu yoyote ya kodi. Nikauliza, je, mpya zikitoka mwezi wa sita nitapata? Wakatazamana, wakasema watanipigia simu.

La pili, na ndilo linaloninyima usingizi. Kyoto sensei (naibu mwalimu mkuu) wetu alijitolea mwenyewe kuwa mimoto hoshonin (mdhamini wa viza). Alipoona kwamba mdhamini naye anatoa karatasi za mapato yake, akasema ngoja azungumze nyumbani. Tangu hapo kimya, na mimi siwezi kumkumbusha, nyie mnajua. Je, nijidhamini mwenyewe? Mkataba wangu ni wa kaikei nendo (mwaka wa fedha), unaisha 31 Machi. Nahofia wakiuona hivyo watawanyima wazee. Na ukinyimwa hupewi sababu, na huruhusiwi kuomba tena kwa lengo lilelile mpaka miezi sita ipite. Baba si kijana wa kuambiwa asubiri.

Mama Wawili, Akita:

Pole sana mdogo wangu. Usiumie, subiri tu mwezi wa sita, karatasi mpya zinatoka kila mwaka wakati huo. Mimi nilikwenda wiki ya pili ya Juni nikapewa papo hapo. Na ukiona wanakuzungusha, ambatisha gensen choshuhyo uliyopewa na mwajiri, mapato yako yote yameandikwa humo.

Ila nikushauri, afadhali wanakuja kiangazi. Mama yangu alikuja Januari. Theluji imefika usawa wa dirisha, ndani tunawasha sutobu ya mafuta ya taa, na yeye kila akisikia ule mlio wa kujizima anatoka kitandani kuja kuangalia kama nyumba inaungua. Nilikuwa naondoka asubuhi kwenda shule namwacha kwenye kotatsu (meza yenye hita chini) na chupa ya chai, narudi jioni namkuta palepale, hajafungua mlango. Siku nzima hajasikia sauti ya mtu. Mama yangu ni mtu wa Mbeya, baridi anaijua. Ukimya ndio uliomshinda. Kama una nenkyu (likizo ya mwaka), usiitumie sasa, itunze kwa ajili yao.

Mzee wa Tottori:

Tusipotoshane jamani, mtu anaomba viza ya wazazi wake.

Mwalimu, kazei shomeisho inatolewa na mji ulioandikishwa kuishi tarehe 1 Januari ya mwaka huo. Wewe 1 Januari 2026 ulikuwa Shimane. Kwa hiyo ya mwaka jana iko Shimane, na ya mwaka huu itakayotoka Juni iko Shimane pia. Huko Kochi hutapata kitu mpaka Juni 2027. Yakuba haijakugomea, wamekwambia ukweli, basi tu hawakuumalizia.

Huna haja ya kusafiri. Ingia kwenye tovuti ya mji wako wa zamani, tafuta fomu ya yubin seikyu (kuomba kwa posta). Ijaze, weka nakala ya zairyu kadi (kadi ya ukaazi) yenye anwani mpya nyuma, nenda posta ununue teigaku kogawase (hawala ya posta) ya kiasi wanachotaka, na bahasha yenye stempu na anwani yako. Hiyo kogawase usiandike chochote juu yake, iache tupu kama ilivyo.

Gensen choshuhyo haikubaliki kwa jambo hili. Maelekezo ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani yanasema wazi, sijui kwa nini kila mwaka tunarudia. Wanachotaka ni kazei shomeisho yenye jumla ya mapato, au nozei shomeisho sono 2 (cheti cha malipo ya kodi, fomu ya pili) ya zeimusho (ofisi ya kodi ya taifa), au nakala ya kakutei shinkoku (ritani ya kodi unayojaza mwenyewe). Kama kodi yako yote inakatwa na mwajiri na hukuwahi kufanya kakutei shinkoku, basi hizo mbili za mwisho huna, imebaki ya kwanza.

Na juminhyo yako iangalie tena. Iwe na taarifa zote za kaya, ila ISIWE na Mai Namba (namba yako ya utambulisho). Kuna madirisha yanakuchapia nayo usipotamka. Iwe haijapita miezi mitatu.

Mdhamini tafuta Mjapani.

Kaka wa Mombasa, Oita:

Shikamoo Mzee. Kuhusu kazei nakuunga mkono, lakini hilo la mwisho si kweli, na limewakatisha wengi tamaa bure. Chukua hati ya mimoto hoshosho (ya udhamini) yenyewe uisome. Pana mahali pa mdhamini kuandika uraia wake na aina ya ukaazi wake. Wangekuwa wanataka Wajapani peke yao, nafasi hiyo ingewekwa ya nini? Mimi nimejidhamini mwenyewe, anayealika na anayedhamini mtu mmoja, na babangu aliingia.

Shida yangu ilikuwa majina. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandika jina la mamangu kwa namna moja, pasipoti yake namna nyingine, na babangu ana jina la tatu ambalo kwa cheti halipo kabisa. Ilibidi waende kwa wakili wakaape. Dada, hakikisha hilo kabla ya kutuma kitu chochote, herufi kwa herufi. Kwetu mtu hujulikana kwa majina matatu na hakuna anayeshangaa, lakini yule anayepokea faili hakujui, anaangalia karatasi.

Halafu jambo ambalo hujauliza, nalo ni bima. Mgeni wa siku 90 haandikishwi kwa kokumin kenko hoken (bima ya afya ya taifa), hiyo ni ya mkaazi wa zaidi ya miezi mitatu. Babangu aliteleza kwenye ngazi za hekalu, mkono ukafura. Hospitali ya karibu ni mwendo wa saa moja kwa gari, na malipo ni yote mia kwa mia. Bahati njema tulimkatia bima ya safari kule Mombasa. Zipo hospitali zinazomtoza asiye na bima mara mbili ya bei ya kawaida, kwa hivyo mtu asithubutu kuwaleta wazee mikono mitupu.

Na dawa. Je, wazee wana presha au sukari? Dawa za daktari za mwezi mmoja zinaingia bila karatasi. Ikizidi mwezi, na wao wanakaa miezi mitatu, lazima uombe yunyu kakuninsho (hati ya kuthibitisha uingizaji wa dawa) kwa Koseikyoku (ofisi ya afya ya kanda) kabla hawajapanda ndege. Zamani ilikuwa ikiitwa yakkan shomei, bado wengine huita hivyo.

Mama Wawili, Akita:

Mzee, sikupotosha mtu. Nimesema lililonipata mimi, na mimi sikuwahi kuhama mji. Na gensen niliiambatisha juu ya kazei, haikunidhuru.

Nasema haya kwa sababu najua anachokipitia. Mwaka jana tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nyumbani na Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, kesho yake nilikuwa darasani nafundisha rangi watoto wa la tatu. Nyekundu, bluu, kijani. Simu iko kwenye mkoba na kila baada ya kipindi naitoa, hakuna kitu. Dada yangu yuko Ubungo. Kocho sensei (mwalimu mkuu) aliniona usoni akaniuliza, nikashindwa hata pa kuanzia kumweleza. Sauti ya mama niliipata baada ya siku kadhaa. Tangu hapo sina habari ya maua ya sakura wala nini, nataka mtu wangu awe mbele ya macho yangu nimwone anakula.

Dada wa Unguja, Miyazaki:

Pole sana Mama Wawili, na kwetu ilikuwa hivyohivyo.

Nimfurahishe kidogo mwalimu. Bi mkubwa wangu alikuja mwezi wa tisa, na huku kwetu Miyazaki viazi vitamu viko kila pahala. Siku ya pili ya kuja kwake akatoka kutembea, mimi niko shule. Narudi namkuta jikoni na furushi la matembele, kwa jinsi lilivyo kubwa limejaza sinki. Kumbe jirani yetu, bibi wa miaka themanini na zaidi, alikuwa akivuna viazi na majani anayarundika pembeni ayatupe. Bi mkubwa akamwonesha kwa mikono kuwa haya huliwa. Wakachuma pamoja. Jioni nikapelekwa na bakuli, matembele ya nazi, nazi ya kopo, na yule bibi akala amesimama pale genkan (ukumbi wa mlangoni). Basi kila asubuhi alikuwa akija na kapu mlangoni. Hawana lugha moja, huyu Kiunguja na yule lahaja ya Miyazaki ambayo hata mimi sishiki nusu yake, na wakikaa wanazungumza saa nzima.

Majani ya maboga pia waambieni wasitupe.

Wazee wasifungashe nyama ya aina yoyote. Hata ya kukausha, hata ya kopo. Matunda mabichi nayo huzuiliwa. Dagaa wa bi mkubwa walipita, aliwaandika kwenye fomu na akafungua begi mwenyewe.

Mwana wa Moro, Niigata:

Mimi naona tunazunguka tu. Hawa watu hawatutaki, semeni ukweli. Mmesahau ya mji wa Nagai? Agosti 2025 pale TICAD (mkutano wa Japani na Afrika) Yokohama wametangaza mji kwa Tanzania, mwezi mmoja baadaye wamefuta baada ya raia wao kuandamana na kupiga simu usiku na mchana. Leo unashangaa kyoto sensei kurudi nyuma?

Halafu naomba kuuliza, mama akishaingia kwa siku 90, anaweza kubadilishiwa akawa kazoku taizai (ukaazi wa familia)? Mke wangu anajifungua Novemba.

Mzee wa Tottori:

Kijana, Nagai hapakuwa na viza yoyote. JICA (shirika la misaada la Japani) ilichagua miji minne, Nagai kwa Tanzania, Kisarazu kwa Nijeria, Sanjo hapohapo kwenu Niigata kwa Ghana, Imabari kwa Msumbiji, kwa ajili ya mabadilishano ya utamaduni na kazi za kujitolea. Magazeti ya kwetu Afrika yakaandika kana kwamba mji umegawiwa, na ofisi moja ya serikali ya Nijeria ikatangaza habari za viza maalumu ambazo hazikuwepo. Huku mitandao ikawaka, JICA ikafuta tarehe 25 Septemba. Watu wa Nagai walikuwa wenyeji wa timu yetu kwenye Olimpiki ya Tokyo 2020, walitupokea vizuri, na wao ndio waliobeba simu za matusi. Usiwatie kapu moja na waliopiga.

Kazoku taizai ni mke au mume na watoto. Mzazi hayumo. Mwenye kodo senmonshoku (viza ya mtaalamu wa ngazi ya juu) anaweza kumleta mzazi kulea mtoto wa chini ya miaka saba, kwa masharti ya kipato cha kaya yen milioni nane. Wewe una viza gani?

Mwana wa Moro, Niigata:

Kyoiku (ya ualimu).

Mzee wa Tottori:

Basi ni siku 90, na kurefusha si jambo la kutegemea. Panga tarehe zake zilingane na kujifungua.

Msimamizi:

Ndugu zangu, ya uchaguzi na ya Nagai tuyafungulie mada yake. Hapa tumsaidie mwalimu.

Mwalimu wa Kochi:

Asanteni nyote, shikamoo Mzee. Leo baada ya kipindi cha nne nimepiga simu Shimane, kumbe wananikumbuka, yule baba wa zeimuka (idara ya kodi) mtoto wake nilimfundisha. Kasema nitume barua tu, ya mwaka huu itakuwa tayari Juni, ya mwaka jana anaweza kutoa hata kesho. Kogawase nimenunua. Juminhyo nimeikagua, Mai Namba ilikuwepo, kesho naenda kuchukua nyingine.

Kaka wa Oita, mama yangu kwenye cheti ni jina la ubatizo, kwenye pasi ameweka la ukoo. Nimempigia baba, ameshaulizia wakili Kariakoo. Dawa za presha anazo mama, za miezi mitatu, kwa hiyo hiyo kakuninsho naanza leo usiku.

Ila la mdhamini bado sijaelewa. Kaka, wewe ulipojidhamini, mkataba wako ulikuwa wa mwaka mmoja kama wangu au ulikuwa wa kudumu? Na je, kuna ambaye amejidhamini mwaka huu akiwa ndiyo kwanza amebadilisha BOE? Karatasi zangu mbili zitakuwa zinaonesha waajiri wawili tofauti, kazei ya Shimane na zaishoku shomeisho (barua ya kuthibitisha ajira) ya Kochi. Niandike barua ya kueleza au niache?

Kaka wa Mombasa, Oita:

Dada, mimi niko chuoni, wangu ni wa miaka mitatu, kwa hivyo sitaki kukudanganya. Wazee wakishuka Narita mwisho wa siku, usiwaunganishe usiku huohuo hadi Haneda. Babangu alitoka Addis kupitia Incheon, akafika miguu imemvimba. Tulilala palepale karibu na uwanja, mabegi nikayatuma kwa takkyubin (huduma ya kusafirisha mizigo), tukasafiri asubuhi na mfuko mmoja wa mkononi.

Dada wa Unguja, Miyazaki:

Samahani kuingilia, nani anakwenda Tokyo kabla ya mwisho wa mwezi? Natafuta wa kugawana gunia la sembe, posta nalipa mimi.

Mama Wawili, Akita:

Mimi hapa, nakwenda tarehe 23. Niandikie pembeni unataka kilo ngapi. Na mwalimu, kama unataka nikuchukulie za wazee niambie mapema.