Trela dogo la kulala: kiyoyozi cha BTU 5,000 kitatosha au nifunge cha paani?

safari_na_baba:

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoboa ukuta, maana tundu likishatobolewa ndiyo basi.

Nina trela dogo la ekseli moja. Ndani lina mita 3.2 kwa 1.8, kimo mita 1.75. Mimi nasimama vizuri, baba yangu anainama kidogo. Kuta ni plaiwudi ya milimita 9, paa ni plaiwudi hiyohiyo iliyofunikwa bati la kijivu kilichokoza, na katikati hakuna kitu kingine. Kuna madirisha mawili ya kusukuma, moja kila ubavu, na feni ndogo nyuma, juu ya kitanda.

Tunasafiri wawili, mimi na baba. Ana miaka 74 na moyo wake haupatani na joto. Safari iliyopita tulifika kambini saa tisa alasiri, trela limeshinda juani. Kufungua mlango, tukapigwa na hewa kama ya tanuri. Usiku kucha feni ilizunguka, lakini ilikuwa inazungusha joto lilelile. Saa nane usiku nikamkuta amekaa nje kwenye kiti, shati amelilowesha maji ndipo akalivaa. Hakulalamika. Asubuhi aliniambia tu kwamba safari ijayo niende na marafiki, yeye atabaki nyumbani. Mimi sitaki abaki, ndiyo maana nipo hapa.

Umeme nilionao: jenereta ya petroli inayotoa wati 1,600 mfululizo na 2,000 kwa muda mfupi, betri moja ya asidi ya Ah 100 (amp-saa, kipimo cha ujazo wa betri), na paneli ya sola ya wati 200. Kambi tunazokwenda, nusu zina soketi, nusu hazina.

Nimefikiria mambo matatu. Kuna kiyoyozi cha paani cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ambacho muuzaji ananishawishi nichukue kwa sababu eti kikubwa hakichoki. Kuna kile cha magurudumu chenye bomba la kutolea joto. Na kuna kidogo cha dirishani cha BTU 5,000, nikifunge ukuta wa nyuma. Hicho cha mwisho ndicho kinachonivutia, ila naogopa kiwe kidogo mno nikaishia kumwambia baba "samahani" kwa mara ya pili. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

fundi_majokofu:

Pole kwa mzee. Nimefanya kazi ya majokofu na viyoyozi miaka mingi, na trela langu mwenyewe nimelifunga na kulifungua mara tatu kabla halijakaa sawa, kwa hiyo nisome kwa subira.

Usianze na kiyoyozi. Anza na joto linaloingia. Nimepiga hesabu kwa vipimo vyako. Kuta zako zote zina kama mita za mraba 17.5, paa karibu 5.8. Bati lenye rangi iliyokoza likipigwa na jua la mchana linafika nyuzi 60, pengine zaidi. Kwa kuwa chini yake kuna plaiwudi tupu, paa peke yake linakumwagia kama wati 800 za joto. Kuta, nje kukiwa nyuzi 34 na ndani unataka 25, zinaleta nyingine 600 hivi. Sakafu inaongeza kama 200, nanyi wawili mnatoa karibu wati 100 kila mmoja hata mkiwa mmelala. Jumla inapita wati 1,600. Sasa BTU 5,000 ni sawa na kuondoa wati 1,465 za joto. Unaona? Mchana, kwa trela lilivyo sasa, kidogo hicho kitafanya kazi bila kupumzika na hakitashinda.

Lakini bandika chini ya paa mabamba ya stairofomu ngumu ya milimita 25, uyafunike na plaiwudi nyembamba. Zile wati 800 zinashuka hadi karibu robo yake. Paka bati rangi nyeupe, zinashuka tena. Ukifanya hayo mawili, BTU 5,000 zinakutosha mchana, na usiku zinabaki za ziada. Kazi hiyo haili petroli wala betri, na itaendelea kukusaidia hata siku ambayo jenereta imegoma. Kimo chako cha ndani kitapungua kama sentimita 3, mwambie mzee mapema.

Sasa hicho cha BTU 13,500. Achana nacho, na kuna sababu kadhaa. Kinakula kati ya wati 1,200 na 1,600 kikiwa kimetulia. Ila kompresa ya kawaida, yaani pampu inayobana gesi ndani ya kiyoyozi, inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya huo kwa sekunde moja hivi, na hapo ndipo jenereta yako itakapozimika. Vipo vifaa vya kuifanya kompresa iwake taratibu, lakini hata ukivifunga utakuwa unaiendesha jenereta kwenye ukomo wake usiku kucha. Pili, kina uzito wa kilo 30 hadi 45, juu ya plaiwudi ya milimita 9. Bila kuweka boriti, paa litabonyea, maji ya mvua yatatuama pale pale penye tundu.

Na la tatu, ambalo wauzaji hawalisemi: kikubwa kwenye chumba kidogo kinapoza haraka kisha kinazima kabla hakijakausha hewa. Kazi ya kiyoyozi si baridi tu, ni kutoa unyevu, na unyevu unatoka pale tu hewa inapopita muda mrefu juu ya mabomba baridi. Cha kwako kingewaka dakika nne, kikazima, kikawaka tena. Mngelala kwenye baridi yenye majimaji, shuka inanata mwilini. Kwa mtu wa miaka 74 hiyo si starehe. Kidogo kinachozunguka polepole kwa muda mrefu kitampa usingizi ulio bora.

mzee_wa_trela:

Naongezea juu ya kile cha magurudumu, kwa kuwa nilikuwa nacho msimu mzima.

Chenye bomba moja kinachukua hewa ya ndani, ile uliyokwisha kuipoza, kinaitumia kupozea mabomba yake ya moto, kisha kinaitupa nje. Hewa iliyotoka lazima ijazwe, kwa hiyo ya nje yenye joto inapenya kwenye kila upenyo wa mlango na madirisha. Unapoza huku unavuta joto. Bomba lenyewe limepita ndani ya chumba na ukiligusa ni la moto. Nililivika blanketi, ikasaidia kidogo. Vya mabomba mawili ni afadhali, lakini kwenye trela la upana wa mita 1.8 kitakaa wapi? Changu kilikaa penye miguu yangu na kila usiku nilikipiga teke nikienda haja.

Na visanduku vile vya kuweka maji au barafu vinavyojiita viyoyozi, usivitazame. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka zote zinaondoa joto ambalo kiyoyozi cha BTU 5,000 kinaliondoa kwa chini ya dakika 40. Vya maji vinafaa kwenye hewa kavu, madirisha yakiwa wazi. Ukijifungia navyo ndani unajiongezea unyevu tu.

safari_na_baba:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Kumbe nilikuwa napanga kununua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Stairofomu nitaweka, na kaka yangu ana rangi nyeupe ya bati iliyobaki.

Kwa hiyo cha dirishani. Maswali mawili yamebaki. Kambi zisizo na soketi, je, betri yangu na inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi) vinaweza kukiendesha usiku? Na kukifunga ukuta wa nyuma kuna tatizo gani? Kitanda kiko kule, ningependa hewa imfikie baba.

fundi_majokofu:

Betri: hapana, si hiyo. Ah 100 kwa volti 12 ni Wh (wati-saa) 1,200, na betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unazo 600. Kiyoyozi cha BTU 5,000 kinakula karibu wati 450, ukijumlisha kinachopotea kwenye inveta ni zaidi ya 500. Unapata saa moja na ushei. Hata ukiwa na lithiamu ya Ah 200 ni saa nne hivi mfululizo, labda usiku mzima kama trela limezibwa joto vizuri na kompresa inapumzika. Paneli yako ya wati 200, siku yenye jua zuri, inarudisha kama Wh 1,000, yaani kama saa mbili za kiyoyozi. Ukija kununua betri kubwa siku moja, ndipo uangalie kiyoyozi ambacho kompresa yake inabadilisha mwendo. Kinawaka taratibu bila kule kushtua umeme.

Kwa sasa tumia jenereta, na hapa naomba unisikilize kuliko kote. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu aliyelala haamki. Iweke mita 6 au zaidi kutoka kwenye trela, mdomo wa moshi uelekee mbali nanyi, na upepo uwe unautoa kwenu na si kuuleta. Funga ndani kengele ya kugundua hewa hiyo, karibu na kitanda. Upepo ukigeuka usiku, inuka ukaihamishe. Na usizibe kila upenyo wa trela. Acha kitundu kidogo cha kupumulia, maana kiyoyozi cha dirishani kinazungusha hewa ileile ya ndani.

Umbali huo utahitaji waya mrefu. Usitumie ule mwembamba wa taa. Chukua wa milimita za mraba 2.5 na uukunjue wote, ukiuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake unapata moto. Waya mwembamba unashusha volti na kompresa inateseka kuwaka. Kiyoyozi kikizimika, subiri dakika tatu kabla ya kukiwasha tena.

binti_wa_barabarani:

Kuhusu ukuta wa nyuma, dada, hapo ndipo nilipoumia mimi.

Kosa langu la kwanza: nilikiingiza ndani mno. Kiyoyozi cha dirishani kina matundu ubavuni pia, si nyuma tu, na yote lazima yawe nje ya ukuta. Mimi nilitaka kisitokeze sana, matundu ya ubavuni yakabaki ndani ya kabati nililolijenga. Kikawa kinavuta joto lake chenyewe. Dakika ishirini, kompresa inakata. Nilidhani nimeuziwa kibovu, kumbe nilikuwa nakinyonga. Kikitokeza nje, acha kitokeze, na kibebwe na mabano ya chuma yaliyofungwa kwenye fremu, siyo kwenye plaiwudi.

La pili ni uzito. Kiyoyozi hicho kina kama kilo 20. Ukikining'iniza mita 1.5 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi ndoano ya kuunganishia gari ni mita 3, unaipunguzia ndoano kilo 10. Unaona ni kidogo? Trela langu lilikuwa jepesi mbele tayari. Kwenye mteremko, lori liliponipita, trela likaanza kuyumba kulia na kushoto mpaka nikahisi gari linasukumwa. Nilitetemeka mikono kwa saa nzima baadaye. Weka mzani wa kawaida wa bafuni chini ya shingo ya trela, chini ya gogo lenye urefu wa ndoano, upime kabla na baada. Mimi huwa nahakikisha sehemu kama ya kumi ya uzito wote wa trela inaikalia ndoano, ila soma pia kiwango cha trela lako na gari lako. Nilihamishia betri na tangi la maji mbele, kuyumba kukaisha.

Au kifunge mbele, upande wa ndoano, na kitanda ukigeuze. Mzee akilala na hewa inampitia miguuni badala ya usoni atakushukuru.

safari_na_baba:

Nimerudi kutoa taarifa. Niliweka stairofomu, wiki mbili za jioni jioni. Bati limepakwa nyeupe. Kiyoyozi nimekifunga mbele kama dada alivyoshauri, mabano kwenye fremu, na ndoano imepimwa.

Juzi tulilala kambi yenye soketi. Saa kumi alasiri nje nyuzi 35, ndani 27 na kinaendelea kushuka. Usiku tulikiweka 26. Niliamka mara mbili kumwangalia baba, mara zote mbili alikuwa amejifunika shuka mpaka shingoni.

Kitu kimoja kinanisumbua: ndani ya kiyoyozi nasikia maji yanapigwapigwa, kama mtu anachota kwa kikombe. Nyuma hayadondoki mengi. Nitoboe tundu chini yatoke?

fundi_majokofu:

Usitoboe! Vingi vya siku hizi vina feni yenye pete inayochota yale maji na kuyarushia mabomba ya moto, yanasaidia kupoza. Sauti hiyo ndiyo hiyo. Ilimradi kimeinama kidogo kuelekea nje na hayaingii ndani, kiache. Ila ukifika nyumbani yamwage yote kabla ya kulifunika trela, yasije yakavunda humo. Msalimie mzee.