Rangi ya mlango wa gari yabanduka kama ganda la muhogo, nimekosea wapi?

MamaFielder_Mikindani (Jumapili, saa 2:15 usiku)

Assalam aleikum wenzangu. Nisikilizeni kwanza, kucheka baadaye.

Nina Fielder ya 2009, ndani ni krimu. Yaani ilikuwa krimu siku ilipotoka bandarini. Kazi yangu ni kubeba maharusi: nyumbani hadi saluni, saluni hadi ukumbini, kesho yake kurudisha masufuria ya watu. Sasa bibi harusi akishapakwa piko, hata aambiwe vipi mikono aiweke juu, mlango lazima ataushika. Mlango wa nyuma kushoto una alama za vidole vinne vyeusi tangu mwaka jana. Nimeisugua kwa sabuni, ndimu, dawa ya meno, kila nilichoambiwa. Piko haitoki. Na pale juu mtu anapoegemeza kiwiko, jua limepachoma pamekuwa rangi ya mfupa.

Fundi alinitajia bei ya kubadilisha rangi ndani yote, nikaona heri nijaribu mwenyewe. Nikaifungua paneli, kile kifuniko cha plastiki cha ndani ya mlango (skurubu mbili, zilizobaki ni klipu), nikaifua kwa sabuni ya unga, nikaianika uani, nikanunua makopo mawili ya rangi ya kupuliza, kijivu cha mkaa. Wallahi ilipendeza! Jirani alidhani nimebadilisha gari.

Ijumaa nikambeba mama wa bibi harusi, pete tatu mkono mmoja. Alipouvuta mlango pete ikakwaruza, akaona kitu kinaning'inia. Mtu akiona kitu kinaning'inia haachi, huvuta. Ukatoka ukanda mrefu kama kidole, laini, kama unavyomenya muhogo uliochemshwa. Mama wa watu akaingia ukumbini na vibanzi vya kijivu kwenye buibui. Nusu ya nauli nimemrudishia kwa aibu.

Je, rangi ndiyo mbaya au ni mimi? Paneli tatu bado sijazigusa, na nina harusi kubwa baada ya wiki tatu.

---

Tudor_Tulivu (Jumapili, saa 2:50 usiku)

Dada, mpelekee fundi wa viti akuvalishie paneli ngozi bandia, yaishe. Harusi haingoji rangi ikauke.

---

MzeeMsasa (Jumapili, saa 4:05 usiku)

Mwanangu, pole. Rangi haina kosa. Nimepuliza magari miaka 31, na hilo lililokukuta lilinikuta mimi kwenye gari la mtu mkali sana, tuyaache.

Igeuze ile paneli utazame mgongoni. Utaona herufi ndogo zinazotaja aina ya plastiki zimegongwa hapo: >PP< au >ABS<, pengine na namba mbele yake. ABS haina shida, dawa iliyomo ndani ya rangi huilainisha kidogo juu juu, rangi ikauma. PP ni ndugu yake ndoo na beseni lako la kufulia. Ushawahi kuona kibandiko kikadumu kwenye beseni? Basi na rangi ni hivyo hivyo. Hukaa juu kama ngozi ya maziwa, ukiinua ukingo yaja yote. Ukikosa herufi, kata kibanzi sehemu isiyoonekana ukitie kwenye glasi ya maji. Kikielea, hiyo ni PP. Kikizama usiwe na hakika, maana PP nyingine huchanganywa na talki ikawa nzito.

Kwa PP lazima uanze na praima ya plastiki, ile dawa ya chini inayoishikisha rangi. Si ile ya kijivu ya mabati! Hii haina rangi, kama maji, na kopo lenyewe huandikwa kuwa ni ya plastiki. Unapuliza tabaka moja jembamba, halafu rangi inafuata katika muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukienda kuswali na kula chakula cha mchana ndipo urudi, umepoteza praima yako.

Sasa nikuulize la pili. Ile polishi ya kung'arisha dashibodi wanayouza vijana kwenye foleni ya feri Likoni, unaitumia? Kama ndiyo, hapo pana silikoni, na sabuni ya unga haiitoi. Rangi huikimbia, ukaona vishimo vya mviringo kama macho ya dagaa. Na maharusi wako wana mafuta ya nazi kichwani na udi nguoni, yote hayo huishia kwenye paneli. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na brashi laini mara mbili, suuza, kausha. Kisha spiriti, vitambaa viwili: cha kwanza kimelowa, cha pili kikavu kikifuata nyuma yake kabla spiriti haijaruka. Ukitumia kimoja unausambaza uchafu tu. Thina usiilete karibu, huila ABS.

Msasa ni kwenye sehemu laini tu, namba 400 kisha 600, kwa maji. Penye vinyweleo kama ngozi usitie msasa, utavikata vichwa pabaki pamelala na patang'aa milele. Hapo chukua kile kitambaa kigumu cha kijani cha kusugulia sufuria, na sabuni. Unachotaka ni kuuondoa mng'ao, si kuila plastiki.

Hiyo rangi ya zamani ibandue yote. Iliyoinuka kwa pete haitatulia kwa kupakwa nyingine juu.

Kupuliza: tikisa kopo dakika mbili baada ya kusikia kile kigololi. Mkono uwe mbali kiasi cha shubiri moja na ushee, uanzie nje ya paneli umalizie nje ya paneli. Tabaka la kwanza liwe vumbi tu, plastiki bado uione. Hapa ndipo wengi huharibu, wanataka wafunike kwa mara moja. Dakika kumi, la pili. Dakika kumi, la tatu. Rangi iwe isiyong'aa. Ivae barakoa na ufanyie nje. Usirudishe paneli garini kabla ya siku nzima kupita, na mama mwenye pete asiiguse wiki nzima.

---

Kusi_na_Kaskazi (Jumatatu, saa 12:30 asubuhi)

Mzee kasema, mimi naongeza unyevu tu. Mwezi wa tano mwaka jana nilipuliza kisanduku cha dashibodi alfajiri, mvua ndiyo kwanza imekatika, nikijiona mjanja kwa kukimbia jua. Ilipokauka ikatoka na ukungu mweupe, kama kioo ulichokipumulia. Ile dawa ya rangi ikiruka huupoza uso wa kitu, na hewa yetu ya pwani imejaa maji, basi maji yanatua juu ya rangi mbichi. Nilingoja siku kavu nikapitisha tabaka jembamba, ukungu ukaondoka.

Subiri saa nne au saa tano, kivulini, pasipo upepo wa kuleta mchanga. Na mwembe wa jirani uutazame. Mimi hadi leo nina mdudu mmoja ndani ya rangi, tumeshazoeana.

---

MamaFielder_Mikindani (Jumatatu, saa 3:20 usiku)

Mzee, nimegeuza: >PP<, kubwa kabisa, sijui nilikuwa natazama wapi. Kile kipande cha swichi za vioo ni >ABS<. Na polishi nakiri, yule kijana wa feri ananijua kwa jina.

Nimeibandua rangi yote kwa tepu na ukucha, imetoka kama barakoa ya usoni. Swali moja: nikimaliza milango, dashibodi nayo niipige kijivu hicho hicho?

---

MzeeMsasa (Jumatatu, saa 4:00 usiku)

Pale penye herufi SRS, mbele ya abiria na katikati ya usukani, usipulize chochote. Kile kifuniko kimedhoofishwa kwa ndani kwenye mstari ili kipasuke hapo mfuko wa hewa unapofumuka. Ukikipaka rangi unakiziba, na vipande vya rangi vitaruka usoni mwa bibi harusi wako. Na ukitaka kufungua chochote karibu na hapo, toa waya hasi wa betri, ungoje angalau sekunde 90.

Swichi zenyewe zitoe kabla hujapuliza kile kipande. Tepu haitoshi, rangi hupenya, kioo kikakwama nusu mvua inanyesha.

---

Tudor_Tulivu (Jumanne, saa 7:10 mchana)

Naomba radhi kuhusu ngozi bandia. Nimetoka kwenye gari sasa hivi. Limesimama juani tangu asubuhi na gundi imelainika, mlango wangu wa kulia umefanya tumbo.

---

MamaFielder_Mikindani (baada ya siku 19)

Nimerudi na majibu.

Milango yote minne imekwisha. Kuosha kulinichukua siku mbili, kupuliza asubuhi moja. Kwenye mlango wa dereva, pembeni karibu na bawaba, kuna macho ya dagaa sita. Nimeyahesabu. Hapo nilikuwa nimechoka nikapitisha kitambaa kimoja badala ya viwili. Mlango wa mbele kushoto umetoka vizuri hadi nimeupiga picha. Alama za piko hazionekani tena, zimezama kwenye kijivu. Kipande cha swichi nilikiangusha sakafuni rangi ikiwa mbichi, nikakirudia.

Nimejaribu kwa ukucha: haitoki. Nimejaribu kwa pete yangu: mkwaruzo upo lakini haubanduki. Dashibodi sikuigusa.

Jumamosi nikambeba bibi harusi wa kwanza tangu hapo. Piko mpaka viwikoni, bado mbichi. Roho mkononi, namtazama kwenye kioo njia nzima. Mlango hakuugusa hata kidogo. Kushuka ndipo nikaona: aliushika mkanda wa kiti, kwa mikono miwili.

Mzee, mkanda hupakwa nini?

---

MzeeMsasa (siku hiyo hiyo, saa 3:45 usiku)

Mkanda haupakwi kitu, mwanangu. Rangi na dawa kali hudhoofisha nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zitakazomshika siku ya ajali. Uvute wote nje, uubane na kibanio cha nguo usirudi, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Usiuachie mpaka ukauke kabisa, la sivyo utanuka uvundo. Hiyo piko itabaki. Tandika leso.