Ajenti aliyemsainisha mdogo wangu bima ya euro 33 Ujerumani huku anajua ana siko seli

Wakuu habari za usiku. Hili jambo nimekaa nalo tangu Januari, nikasema nitulie hasira zishuke kwanza ndio niandike, hazijashuka, na sasa hivi naona kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanapongezana wamepata admisheni za Ujerumani za mwezi wa 10 na ajenti yule yule yumo humo anagawa namba yake. Basi naandika.

Mdogo wangu wa kike ana siko seli. Tumekua nae hivyo, usiku wa baridi mama anampashia maji anamfunga kanga miguuni, kidonge chake cha haidroksiyurea kila siku, kliniki hakosi. Kasoma na hali hiyo mpaka kamaliza digrii hapa Dar akapata nafasi ya masta Ujerumani, chuo cha umma, ada hakuna. Ila ile akaunti ya kufungia hela ya kujikimu, euro 11,904 za mwaka mzima, hiyo ilitutoa jasho, mzee kauza kiwanja Kibaha, mimi nikakopa kazini, mjomba akamalizia. Akifika kule inamtolea euro 992 kwa mwezi, humo humo chumba, chakula, nauli, bima. Hiyo 992 muikumbuke.

Makaratasi tukampa ajenti, laki 9 ya kazi yake tukalipa yote. Siku ya kuongelea bima ya afya nilikuwepo, nikamwambia kwa mdomo wangu, kaka huyu binti ana siko seli, bima yake iwe ya uhakika. Akaniambia ondoa shaka. Akageuza laptop akatuonyesha, hii ya mifuko ya umma euro 140 na kitu kwa mwezi, hii ya kampuni binafsi 33, chuo kinakubali zote, ya nini kutupa hela? Sasa mtu umetoka kuuza kiwanja unaambiwa 33 na 140 kazi ni ile ile, utachukua ipi? Tukachukua ya 33.

Ambacho hakutuambia ni hiki. Mwanafunzi wa chuo Ujerumani ambaye hajafika miaka 30 sheria yenyewe inamuingiza kwenye mfuko wa umma kwa bei ya mwanafunzi. Mdogo wangu ana miaka 24. Mfuko wa umma haukuulizi unaumwa nini, haukupandishii bei kwa sababu ya ugonjwa, unakutibu ulivyo, wewe dawa ya cheti unachangia kati ya euro 5 na 10, ukilazwa euro 10 kwa siku. Ukitaka kwenda na kampuni binafsi lazima mfuko wa umma ukupe barua ya kusamehewa, wanaiita Befreiung, chuo kione taarifa hiyo ndio kikusajili. Na ukishaichukua haifutiki kwa kipindi chote unachosoma. Huwezi kusema muhula ujao narudi. Umejifungia nje mwenyewe.

Sasa fomu ya kuomba hiyo barua alimtumia WhatsApp saa 4 usiku, PDF Kijerumani mwanzo mwisho, chini kaandika "saini hapa na hapa, deadline kesho, bila hii husajiliwi". Mtoto ana wiki moja nchi ya watu, bado anahangaika na chumba, kasaini kwa kidole kwenye simu akiwa ndani ya basi. Screenshot ninayo, hadi leo nikiifungua mikono inatetemeka.

Disemba baridi ikaingia. Mwenye mgonjwa wa siko seli nyumbani anajua baridi inafanya nini, maumivu yakaanza miguuni yakapanda kiunoni na kifuani, mwenzake wa chumba wa pili ndio akaita gari la wagonjwa. Kalazwa siku 6. Madaktari wamemhudumia vizuri sana, nawashukuru kutoka moyoni. Kilichofuata wiki tatu baadae ni barua mbili siku moja. Ya kwanza bili ya hospitali, euro 4,350, hiyo ni zaidi ya milioni 11 za kwetu. Ya pili ya kampuni ya bima, ukurasa mmoja tu, kanipigia picha kaiweka juu ya shuka, neno moja kalizungushia peni nyekundu: Vorerkrankung. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba. Hawalipi hata senti. Na akilazwa tena kwa siko seli hawalipi.

Mama hatukumwambia mpaka Februari.

Ajenti nimempigia hapokei, nimeandika meseji anasoma hajibu, siku ya nne ndio anajibu "bima mlichagua wenyewe", kisha kaniblok. Mlichagua wenyewe! Mtu nimekwambia ugonjwa kwa jina lake ofisini kwako, nchi hii ambayo watoto wanaozaliwa na siko seli kila mwaka ni maelfu, hakuna ajenti anayeweza kuniambia hajui ni ugonjwa gani. Mimi naamini ni kamisheni tu, na kwa ajili ya hiyo kamisheni kamtoa mgonjwa kwenye mfuko ambao ungemtibu bila swali.

Kwa anaempeleka mtoto mwezi wa 10, hasa mwenye pumu, kisukari, presha, siko seli, ile bima ya safari ya kuombea viza ni ya kuombea viza, ikiisha kazi hiyo imeisha. Wanaoanza na kozi ya lugha ndio kidogo tofauti, wale bei ya mwanafunzi kwenye mfuko wa umma hawaipati mpaka waanze masomo yenyewe, na aliyevuka 30 nae bei hiyo haipati. Ila aliye chini ya 30 anaeingia digrii au masta aende mfuko wa umma moja kwa moja, maombi yao yanajazwa mtandaoni, ajenti wa nini? Na karatasi yoyote yenye neno Befreiung mtoto asiiguse mpaka mtu anaejua Kijerumani aisome yote.

Hospitali imekubali alipe kidogo kidogo, euro 150 kwa mwezi, anazitoa kwenye ile 992. Na ile 33 inaendelea kukatwa kila tarehe 1 maana bila bima yoyote kibali cha kuishi hakihuishwi.

Kama na wewe ajenti alikusainisha hiyo fomu au alimsainisha mwanao, andika hapa mwaka na alikwambia nini, jina lake usiweke hadharani, nitafute inbox. Nataka tuwe wengi kabla sijaenda kushtaki.