Sakaguchi aling'ang'ania vipi seli ambazo wenzake walisema hazipo? Na kansa inaingiaje hapo?

Mdadisi_Kinga:
Wakuu habari zenu. Tangu itangazwe Nobel ya tiba ya 2025 nimekuwa nasomasoma kuhusu huyu Mjapani Shimon Sakaguchi, aliyeipata pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, na kuna mambo mawili yananichanganya. Kwanza, nasikia alikuwa anasaka seli T (aina ya chembe nyeupe za damu) zinazozuia kinga isishambulie mwili wake yenyewe, na kipindi hicho wanasayansi wengi walishaizika hiyo habari, sasa yeye alikuwa na nini mkononi ambacho wenzake hawakuwa nacho? Maana ubishi peke yake hauleti Nobel, wabishi tuko wengi. Pili, kila anapotajwa na kansa inatajwa. Mimi nilijua hii ni habari ya kisukari cha aina ya 1 na magonjwa ya namna hiyo, alafu nakumbuka 2018 Allison na Honjo walishachukua Nobel ya kuachia breki za kinga ili ipige kansa. Je hii ya Sakaguchi ni breki ile ile kwa jina jingine au ni kitu tofauti kabisa? Mwenye kuelewa anishushie taratibu, biolojia mimi niliishia sekondari.

maabara_usiku:
Mkuu, alichokuwa nacho ni panya wanaougua. Iko hivi, 1969 Nishizuka na Sakakura, wa kituo cha utafiti wa kansa cha Aichi kule Nagoya, walitoa tezi ya thaimasi kwa vichanga vya panya siku ya 3 baada ya kuzaliwa. Thaimasi ndo seli T zinakokomaa, kwa hiyo ungetegemea kinga ipungue nguvu, lakini panya majike wakaharibika ovari, na ukichelewa ukaitoa siku ya 7 hawapati kitu. Sakaguchi alikuwa ametoka kumaliza udaktari Kyoto 1976, akasoma hiyo kitu ikamkaa kichwani mpaka akaacha masomo ya juu aliyokuwa ameshaanza akahamia Aichi kulifukuzia swali hilo hilo. Kilichogundulika ni kwamba ovari zilikuwa zinaliwa na kinga ya panya mwenyewe, na ukimdunga huyo panya seli T kutoka kwa mwenzake mkubwa mzima, haugui. Ina maana kwenye seli T za mnyama mzima kuna kundi linatuliza wengine, na ukiitoa thaimasi mapema mno hilo kundi linakuwa halijapata nafasi ya kutoka.

Sasa kuhusu kuzikwa. Miaka ya 70 watu kibao walikuwa wanaandika kuhusu seli T kandamizi, wakasema zina molekuli inaitwa I-J na jeni yake iko sehemu fulani kwenye DNA ya panya. Mwanzoni mwa miaka ya 80 ile sehemu ikachunguzwa kwa karibu, jeni haipo! Uwanja mzima ukaporomoka, ukitaja seli kandamizi mbele ya watu unaangaliwa kama unauza dawa za uongo. Ila Sakaguchi hakuwa amesimama juu ya I-J hata siku moja, yeye alisimama juu ya panya anayeugua ukimnyang'anya seli na asiyeugua ukimrudishia, hiyo huwezi kuifuta kwa kusoma DNA. Alichokosa ni alama tu ya kuzitambua, na ilimchukua mpaka 1995 kuipata, CD25, protini inayokaa juu ya seli, iko kwenye takriban asilimia 10 ya seli T za CD4, yaani zile za kundi la wasaidizi. Ukizitoa hizo ukawapa zilizobaki panya wasio na seli T, wanaanza kuumwa tumbo, tezi ya shingo, ovari, kila mahali. Changanya na zile za CD25, kimya. Kwangu hilo ndo jaribio zuri kuliko yote kwenye kazi yake, nalipenda kuliko hata mambo ya jeni yaliyokuja baadaye.

Kromosomu_X:
Mambo ya jeni usiyadharau mkuu. Hata baada ya 1995 wengi walikuwa bado hawajashawishika, maana CD25 inajitokeza pia kwenye seli T ya kawaida ikishaamka kupigana, kwa hiyo mtu anaweza kukuuliza umejuaje hizi ni kundi la pekee. Brunkow na Ramsdell walikuwa kwenye kampuni ya dawa Bothell, jimbo la Washington, wana panya wanaitwa scurfy, ukoo wa panya wagonjwa uliojitokeza wenyewe maabara ya Oak Ridge miaka ya 40, madume wanazaliwa ngozi inabanduka na wanakufa ndani ya wiki chache. Wakasaka hitilafu kwenye kromosomu X nzima, enzi ambazo kazi hiyo ilikula miaka, wakaibuka 2001 na jeni Foxp3, na wakaonyesha kwamba watoto wa kiume wenye ugonjwa wa kinga kujishambulia unaoitwa IPEX wana hitilafu kwenye jeni hiyo hiyo. 2003 maabara ya Sakaguchi, na nyingine pia mwaka huo huo, zikaonyesha Foxp3 ndo inayozifanya zile seli zake ziwe zilivyo. Kuanzia hapo mabishano yakaisha. (Ramsdell wakati wanamtafuta kumpa habari ya Nobel alikuwa porini anatembea milimani, simu hapatikani, huyu jamaa namkubali.)

Mdadisi_Kinga:
Aisee nimeelewa hiyo ya panya. Sasa kansa?

tibakinga_tz:
Kansa inaingia kwa sababu uvimbe ni mwili wako mwenyewe ulioharibika, kwa hiyo seli zinazozuia kinga isikushambulie zinaulinda na huo. 1999 kundi la Sakaguchi liliondoa seli za CD25 kwa panya na panya wakaweza kuzikataa seli za kansa walizopandikizwa. Kwa binadamu zimekutwa zimejazana ndani ya uvimbe wa kansa nyingi, mfano ya ovari, na mara nyingi zikiwa nyingi mgonjwa anakuwa na hali mbaya zaidi.

Kuhusu breki, hapo kuna vitu viwili usivichanganye. CTLA-4 ya Allison na PD-1 ya Honjo ni protini, zinakaa juu ya seli. Ya Sakaguchi ni seli nzima. Ila vinakutana, maana hizi seli zinabeba CTLA-4 muda wote wakati seli T ya kawaida inaitoa ikishaamka, na 2008 maabara ya Sakaguchi ilifuta CTLA-4 kwenye seli hizi tu, panya wakapata ugonjwa mbaya wa kinga kujishambulia. Ndo maana dawa ya ipilimumab, inayoziba CTLA-4, iliyopitishwa Marekani 2011 inawapa baadhi ya wagonjwa utumbo kuvimba na ngozi kuwasha. Inafanya kazi kwa kuziua hizi seli ndani ya uvimbe.

Kromosomu_X:
Hiyo sentensi ya mwisho ipunguze. Kwa panya imeonyeshwa, kwa binadamu bado wanavutana.

Mdadisi_Kinga:
Sawa, sasa si waziondoe tu kwa mgonjwa wa kansa yaishe?

maabara_usiku:
Ukiziondoa zote unamgeuza mgonjwa kuwa scurfy mkuu. Na kuzilenga ni shida, Foxp3 iko ndani kabisa kwenye kiini, antibodi (protini inayonasa shabaha moja, hapa inatumika kama dawa) haifiki, na CD25 ukiipiga unawapiga na askari wako walioamka. Wanachojaribu sasa ni CCR8, alama inayoonekana zaidi kwenye zile zilizo ndani ya uvimbe kuliko zinazozunguka kwenye damu, antibodi zake ziko kwenye majaribio kwa wagonjwa. Alafu kuna kitu kinanichekesha kila nikikumbuka: CD25 ni kipande cha mlango wa IL-2, kijumbe kinachoziambia seli T ziongezeke, na IL-2 ndo ilipitishwa Marekani 1992 kutibu kansa ya figo, kwa nia ya kuipa kinga nguvu. Kumbe kila dozi ilikuwa inazilisha na seli za Sakaguchi, tena zenyewe zinaidaka hata ikiwa kidogo sana, na leo kuna watu wanajaribu IL-2 ya dozi ndogo makusudi kabisa ili ziongezeke kwa wagonjwa wa lupasi, ambao kinga yao inajishambulia.