Mrejesho: mfumo wa tiketi uliokuwa ukiganda Ijumaa jioni

Ahsanteni nyote mliojibu. Nilitaka kujua kwa nini mfumo wetu wa tiketi za mabasi hapa Mombasa huganda Ijumaa jioni, na kama dawa ni kuongeza seva.

Seva hatukuongeza. Tulipopima, seva ya programu ilikuwa imestarehe. Iliyokuwa ikihema ni hifadhidata. Abiria akifungua ramani ya viti, programu iliuliza kiti kimoja kimoja badala ya basi zima kwa mkupuo. Juu ya hayo, PostgreSQL, programu ya hifadhidata tunayotumia, haitengenezi yenyewe faharasa (orodha ya kutafutia haraka) kwenye safuwima inayorejelea jedwali jingine, kwa hiyo kila swali lilipekua jedwali zima la tiketi. Tulipoiweka faharasa hiyo, hata makarani wa stendi ya Mwembe Tayari waliuliza kulikoni mfumo umekuwa mwepesi ghafla.

Ramani ya viti sasa hukaa sekunde chache kwenye Redis, hifadhi ya muda inayosomeka haraka. Kuuza ni mambo mengine: hapo tunafunga kwa muda rekodi ya kiti hicho ndani ya hifadhidata yenyewe, la sivyo watu wawili watauziwa kiti kimoja, na ugomvi wa stendi mwaujua.

Nakala ya pili ya hifadhidata, ya kusomea tu, tumeiahirisha. Kilichobaki ni uthibitisho wa malipo kuingia mara mbili. Tutauchuja kwa nambari ya muamala.